Luciano de Murrieta
Luciano de Murrieta (Arequipa, Peru, 1822 - Logroño, Hispania, 1911) alikuwa afisa wa jeshi na mtengenezaji wa divai wa Hispania. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa divai nyekundu ya kisasa ya mkoa wa La Rioja, ambayo hukomazwa kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa.

Maisha ya awali

Baada ya Peru kupata uhuru, Luciano alipelekwa Ulaya angali mtoto, akalelewa London katika familia ya mjomba wake mwenye benki. Baadaye alijiunga na jeshi la Hispania chini ya jenerali Baldomero Espartero. Jenerali huyo alipopinduliwa mwaka 1843, Murrieta alimfuata uhamishoni London hadi mwaka 1848. Huko aliona kwamba matajiri walinunua kwa bei kubwa divai za Bordeaux, Ufaransa, lakini si za La Rioja.

Kutengeneza divai

Wakati ule wakulima wengi wa La Rioja walichachua mashada mazima ya zabibu pamoja na vikonyo vyake katika matangi ya mawe, kisha divai ikabebwa katika viriba vya ngozi. Iliharibika upesi, hivyo ilinywewa karibu na mahali ilipotengenezwa. Mwishoni mwa karne ya 18 Manuel Quintano wa Labastida alikuwa amejaribu njia za Bordeaux, lakini alikwama kwa sababu hakuruhusiwa kuuza divai yake kwa bei ya juu kuliko ya wenzake.

Murrieta alikwenda Bordeaux kujifunza. Mwaka 1852 alitengeneza divai yake ya kwanza mjini Logroño, katika ghala la Espartero, ambaye mke wake alikuwa na mashamba ya mizabibu huko. Aliondoa vikonyo na kuikomaza divai katika mapipa ya mwaloni. Kwa njia hiyo iliweza kuvuka bahari hadi Kuba.

Mwaka 1872 mfalme Amadeo I alimpa cheo cha markizi. Katika miaka hiyo alinunua shamba la Ygay, nje kidogo ya Logroño, akapanda mizabibu yake mwenyewe na kujenga ghala.

Urithi

Baada ya kifo chake shamba lilibaki kwa jamaa zake hadi mwaka 1983, lilipouzwa kwa familia nyingine. Divai yake maarufu zaidi, Castillo Ygay, hutengenezwa hasa kwa zabibu za aina ya tempranillo, tena katika miaka ya mavuno bora tu. Ile ya mwaka 1942 ilikaa katika mapipa takriban miaka 40. Ile ya mwaka 2010 ilichaguliwa na gazeti la Marekani Wine Spectator kuwa divai bora ya mwaka 2020.

Mjini Logroño kuna barabara yenye jina lake.