Padri de l'Épée, Baba wa Viziwi

Charles-Michel de l'Épée alizaliwa Versailles, katika inchi ya Ufaransa, tarehe 24 Novemba 1712. Baba yake alifanya kazi ya majengo ya mfalme, na nyumbani mwao hamkukosekana kitu. Tangu ujana wake alitamani upadri. Lakini siku zile Eklezya ya Ufaransa ilisumbuliwa na mabishano juu ya mafundisho ya Wajansenisti. Kijana huyu alikataa kutia sahihi andiko la kuyakana, akanyimwa upadri. Akaenda kujifunza sheria. Mwishoni Askofu wa Troyes alimpokea, naye akapadrishwa mwaka wa 1738. Walakini mashaka yalirudi baadaye, akakatazwa kuungamisha. Akakaa Paris, mchungaji asiye na kundi.

Karibu na mwaka wa 1760 aliingia katika nyumba moja, akawakuta mabinti wawili pacha wakishona. Akawasalimu, wasijibu. Akasema tena, wala hawakuinua macho. Mama yao alipofika, alimweleza kwa machozi ya kuwa wote wawili ni viziwi. Padri mmoja, jina lake Vanin, alikuwa ameanza kuwafundisha dini kwa picha, lakini amekufa. De l'Épée akaingiwa na huruma. Je, mabinti hawa waishi na kufa bila kumjua Mungu? Akaishika kazi ile, asiiache tena.

Watu wengi wa wakati ule walidhani kwamba kiziwi hawezi kufundishwa, kwa kuwa imani huja kwa kusikia. Yeye aliwaza hivi: mlango wa masikio ukifungwa, mlango wa macho ungali wazi. Aliona kwamba viziwi wa Paris walikuwa wakisemezana kwa mikono. Lugha ile hakuitunga yeye, bali alikubali kuwa mwanafunzi wao. Kisha akaongeza alama zake mwenyewe, wapate kusoma na kuandika Kifaransa.

Neno la kusadiki alilifundisha kwa alama nne. Kwanza, kukubali kwa akili. Pili, kukubali kwa moyo. Tatu, kukubali kwa kinywa. Nne, kukumbuka kwamba yanayosadikiwa hayajaonwa kwa macho. Hivyo watoto wale walifahamu maana ya imani kuliko wengi wanaotamka neno hilo kila siku.

Alifungua shule nyumbani mwake, katika njia ya rue des Moulins. Maskini hawakulipa kitu, naye aliwatunza kwa urithi wake. Mwaka wa 1776 alitoa kitabu juu ya ufundishaji wake. Mwaka wa 1777 Kaisari Josefu wa Pili wa Austria alikuja kutazama, akastaajabu, akamtuma padri ajifunze kwake; na mwaka wa 1779 shule ya viziwi ikafunguliwa Vienna.

Lakini shule ya Paris ilitegemea mfuko wa mtu mmoja, naye alikuwa akizeeka. Mwaka wa 1778 baraza la mfalme liliahidi msaada, lakini ulikawia sana. Husimuliwa kwamba katika baridi kali ya mwaka wa 1788 mzee huyu alikaa chumbani bila moto, ili fedha za kuni ziwafae watoto. Wanafunzi wakamlilia mpaka akakubali kuota moto. Naye akasikitika kwamba amewanyang'anya wanawe.

Alifariki tarehe 23 Desemba 1789, akazikwa katika kanisa la Saint-Roch. Mwezi wa Julai 1791 Bunge la Ufaransa liliamuru shule yake itunzwe kwa mali ya taifa. Basi fundisho la viziwi likawa haki yao, lisiwe tena sadaka ya mtu mmoja mwema.

Njia haikuwa laini baada yake. Mwaka wa 1880 walimu waliokutanika Milano walikata shauri kwamba viziwi wafundishwe kwa midomo tu, na kwa miaka mingi alama zilifukuzwa katika shule nyingi. Mwaka wa 2005 sheria ya Ufaransa ilitamka kwamba lugha ya alama ya inchi ile ni lugha kamili.

Yezu alimponya kiziwi kwa kumgusa masikio na ulimi. Padri de l'Épée hakupewa karama ya kuponya. Alitoa mikono yake, mali yake na miaka yake. Mkatekumeni aliye na jirani kiziwi asimpite kwa dharau. Aketi naye, ajifunze alama zake, amwongoze kwa mwalimu. Maana yeye pia ameitwa kwa Ubatizo.