Patrice Lumumba na Sauti za Wabunge

Alizaliwa Onalua, katika Sankuru, mwaka 1925. Alisoma kwa misioni ya Wametodiste na ya Wakatoliki, kisha akawa karani wa posta kule Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Mwanzo wa mwaka 1960 alikuwa kifungoni. Wabeleji walimtoa ili aende Bruxelles kwenye mkutano.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano alipata, yeye peke yake, sauti zaidi ya 84,000. Chama chake, MNC, kilipata viti 33 katika 137: kilipita vingine vyote, lakini havikutosha. Ilimpasa kutafuta wenzi. Sisi watu wa Kivu hatusahau kwamba Cerea, chama cha jimbo letu, kilikuwa na viti 10. Kashamura na Bisukiro wakawa mawaziri wake. Wabunge 74 wakaikubali serikali hiyo.

Tarehe 5 ya mwezi wa kenda Rais Kasavubu alimwondoa. Wabunge walikataa kwa sauti 60, zilizopinga zikiwa 19 tu. Maseneta nao, 41 kwa 2. Kwa hesabu hiyo, tunaona sisi, alikuwa bado waziri wa kwanza wa inchi. Lakini tarehe 14 Kolonel Mobutu alitangaza kuwasimamisha wanasiasa wote, na Bunge likafungwa. Lumumba aliuawa Katanga, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961.