Maisha ya Robert Koch, Mchunguzi wa Bakteria

Utangulizi

Maziwa mabichi yakiachwa katika kikombe kwa siku mbili, huganda na kuwa na ladha kali. Nyama ikiachwa mahali penye joto, huoza na kunuka. Mtu akinywa maji ya bwawa lililochafuliwa kwa kinyesi, huenda akapata kipindupindu. Mambo hayo matatu huonekana kuwa mbalimbali, lakini kwa sehemu kubwa yote hufanywa na viumbe wa aina moja. Viumbe hao huitwa bakteria.

Bakteria ni wadogo mno, hata hawaonekani kwa macho matupu. Bakteria 1,000 wakipangwa katika mstari mmoja, kwa kawaida urefu wao wote ni kama milimita moja au mbili tu. Ili kuwaona, tunatumia hadubini. Wamo katika udongo, katika maji, katika vyakula, na hata katika miili yetu. Wengi wao hawatudhuru, na wengine hutufaa sana. Lakini wachache huleta magonjwa.

Zamani watu hawakujua jambo hilo. Wengine walidhani kwamba magonjwa huletwa na harufu mbaya. Wengine walidhani kwamba kifua kikuu hurithiwa tu kutoka kwa wazazi. Katika somo hili tutasoma habari za daktari mmoja aliyefanya kazi kubwa ya kuonyesha ukweli. Jina lake ni Robert Koch.

Utoto na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843, katika mji mdogo wa Clausthal nchini Ujerumani. Mji huo ulikuwa na machimbo ya madini, na baba yake alifanya kazi huko. Robert alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake, kwa kuwa alikuwa amejifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti.

Mwaka 1862 alikwenda katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Mwaka 1872 alipewa kazi ya uganga wa wilaya katika mji wa Wollstein. Siku hizi mji huo unaitwa Wolsztyn, nao umo nchini Polandi. Huko Koch aliwatibu watu wa mjini na wa mashambani. Hakuwa na maabara wala maktaba kubwa karibu naye. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy. Basi alitenga mahali nyumbani kwake pa kufanyia uchunguzi, na kila alipopata nafasi alikaa hapo akichungulia katika hadubini.

Uchunguzi wa kimeta

Wakati huo wafugaji wa wilaya ile walisumbuliwa na ugonjwa wa kimeta. Kondoo au ng'ombe aliyeonekana mzima asubuhi aliweza kufa kabla ya siku ya pili. Watu waliochuna mizoga pia waliugua. Isitoshe, yalikuwapo malisho ambayo kila mifugo ilipopelekwa huko, ugonjwa ulizuka tena, hata baada ya miaka mingi kupita.

Wachunguzi wengine walikwisha kuona vitu kama vijiti vyembamba katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Lakini hawakuweza kuthibitisha kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Koch alichukua damu kutoka katika bandama la mnyama aliyekufa kwa kimeta, akaitia katika mwili wa panya kwa kijiti chembamba cha mti. Panya huyo alikufa. Kisha alichukua damu ya mnyama mzima, akaitia katika panya mwingine. Panya huyo hakuugua. Alirudia jaribio hilo mara nyingi, na kila mara matokeo yakawa yale yale.

Hata hivyo, bado swali moja lilibaki. Je, kilichoua ni bakteria wale, au ni kitu kingine kilichokuwamo katika damu? Ili kujibu swali hilo, Koch aliwakuza bakteria nje ya mwili, katika maji ya jicho la ng'ombe. Aliwaona wakirefuka na kugawanyika. Pia aliona jambo la ajabu. Walipokosa hali nzuri ya kukua, bakteria hao walijigeuza kuwa vijipunje vyenye ganda gumu. Vijipunje hivyo vilistahimili ukavu, na viliporudishwa mahali penye joto na chakula, viligeuka tena kuwa bakteria hai. Hapo ndipo siri ya malisho yale ilipofumbuka: vijipunje vya kimeta vilikuwa vimelala katika udongo kwa miaka mingi, vikingoja mnyama avile pamoja na nyasi.

Mwaka 1876 Koch alikwenda katika mji wa Breslau, akamwonyesha kazi yake mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn. Mtaalamu huyo alitambua mara moja kwamba kazi hiyo ni ya thamani kubwa, akasaidia ichapishwe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa wazi kwamba bakteria wa aina moja ndio wanaosababisha ugonjwa fulani.

Somo hilo linatuhusu hata leo. Mnyama akifa ghafla, tusimpasue, tusimchune, wala tusile nyama yake. Tumwarifu bwana mifugo, ili mzoga uchomwe moto au ufukiwe katika shimo refu.

Jinsi ya kuwatenga bakteria

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya serikali. Huko alipata maabara na wasaidizi. Kazi ya kwanza iliyowakabili ilikuwa ngumu. Katika tone moja la maji machafu huweza kuwamo bakteria wa aina nyingi waliochanganyika. Je, mchunguzi atawezaje kupata aina moja tu?

Koch alitazama kipande cha kiazi kilichopikwa na kuachwa wazi. Aliona juu yake madoa madogo ya rangi mbalimbali. Kila doa lilikuwa na bakteria wa aina moja, kwa kuwa juu ya kitu kigumu bakteria hawawezi kuogelea na kuchanganyika. Basi alijaribu kuwakuza katika mchuzi ulioganda. Lakini mchuzi ule uliyeyuka ulipotiwa mahali penye joto. Msaada ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa msaidizi mmoja wa Koch, alitumia agari kupikia vyakula vya kugandisha. Agari hutokana na mwani wa baharini, nayo haiyeyuki upesi kwa joto. Alishauri itumiwe katika maabara. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, alitengeneza kisahani cha kioo chenye kifuniko cha kukuzia bakteria. Agari na kisahani hicho vinatumika katika hospitali mpaka leo.

Koch aliweka pia masharti ya kufuatwa kabla ya kusema kwamba bakteria fulani wanaleta ugonjwa fulani:

(a) Bakteria hao waonekane katika kila mgonjwa wa ugonjwa huo.
(b) Watengwe na kukuzwa peke yao nje ya mwili.
(c) Wakitiwa katika mnyama mzima, augue ugonjwa ule ule.
(d) Watolewe tena katika mnyama huyo, nao wawe ni wale wale.

Siku hizi tunajua kwamba masharti hayo hayawezi kutimizwa katika kila ugonjwa. Kwa mfano, mtu mzima huweza kubeba bakteria wa kipindupindu bila kuugua. Hata hivyo, masharti hayo yaliwafundisha wachunguzi kutosema jambo kabla ya kulithibitisha.

Kifua kikuu

Katika miaka hiyo ugonjwa wa kifua kikuu uliua watu wengi mno katika miji ya Ulaya. Ilikadiriwa kwamba katika kila vifo saba, kimoja kilitokana na ugonjwa huo. Koch alitafuta viini vyake kwa muda mrefu, lakini havikuonekana mpaka alipovitia rangi ya buluu. Bakteria hao hukua polepole sana. Ilimbidi angoje majuma kadhaa kabla ya kuwaona wakiongezeka. Kisha aliwatia katika simbilisi, nao wakaugua kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza matokeo hayo huko Berlin. Kila mwaka siku hiyo huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Kifua Kikuu.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa walisafiri kutoka nchi nyingi kwenda Berlin wakitumaini kupona. Lakini dawa hiyo haikuwaponya. Wengine walizidiwa na kufa. Koch alikuwa ameitangaza kabla haijathibitishwa vya kutosha. Baadaye tuberkulini ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kupima kama mtu ameambukizwa.

Tena, mwaka 1901 Koch alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa watu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba sivyo: maziwa ya ng'ombe mgonjwa huambukiza watu, hasa watoto. Ndiyo sababu tunachemsha maziwa kabla ya kuyanywa.

Kipindupindu na maji

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch alikwenda huko, kisha akaendelea mpaka Calcutta nchini India. Mwaka 1884 aliwatambua bakteria wa ugonjwa huo, waliopinda mfano wa mkato wa maandishi. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amewaona tangu mwaka 1854, lakini watu hawakumsikiliza. Koch aliwakuta katika matumbo ya waliokufa, na pia katika bwawa moja ambamo watu walioga, walifua nguo na kuteka maji ya kunywa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa jirani kabisa na Hamburg. Mahali pengine barabara tu ndiyo iliyokuwa mpaka. Miji yote miwili ilitumia maji ya Mto Elbe. Lakini Altona ilichuja maji yake katika mchanga, na Hamburg haikuchuja. Watu wa Altona waliougua walikuwa wachache. Koch alieleza kwamba juu ya mchanga hutanda utando laini, nao ndio unaonasa bakteria. Mwaka uliofuata Hamburg pia ilianza kuchuja maji yake.

Koch katika Afrika Mashariki

Koch alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1897 na 1898 alifanya uchunguzi wa malaria na magonjwa ya mifugo.

Mwaka 1905 alirudi, akachunguza homa ya papasi. Mgonjwa wa homa hiyo hupata nafuu kwa siku kadhaa, kisha homa humrudia. Huletwa na bakteria waliojisokota kama parafujo. Papasi hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu za udongo, na usiku hutoka kunyonya damu. Mwaka huo huo daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo huko Kongo, aliambukizwa akafa. Koch aliwaona bakteria hao hata ndani ya mayai ya papasi. Kwa hiyo papasi wachanga huweza kuzaliwa wakiwa nao tayari. Kuziba nyufa, kusiriba sakafu na kulala kitandani hutukinga.

Mwaka 1906 na 1907 Koch alikaa katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako malale iliua maelfu ya watu. Ugonjwa huo hauletwi na bakteria, bali na vijidudu vya aina nyingine vinavyoenezwa na mbung'o. Koch aliwapa wagonjwa dawa iliyokuwa na sumu ya arseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda tu, na baadhi yao walipofuka macho. Siku hizi daktari hapaswi kumjaribia mgonjwa dawa mpya kabla ya kumweleza hatari zake na kupata ridhaa yake.

Bakteria wenye manufaa

Njia za kuwatenga bakteria ziliwasaidia wachunguzi kuwajua hata wale wenye manufaa. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Bakteria hao huchukua naitrojeni katika hewa na kuilisha mimea. Bakteria wengine hugandisha maziwa yakawa mtindi, na wengine huozesha majani na samadi, udongo ukapata rutuba.

Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Hakupata kuona dawa ya kuponya kifua kikuu. Chanjo yake ilianza kutumika mwaka 1921, na dawa ya kwanza yenye nguvu iligunduliwa mwaka 1943. Leo mgonjwa anayemeza dawa zake zote kwa muda aliopangiwa, ambao mara nyingi ni miezi sita, kwa kawaida hupona. Lakini akiziacha katikati kwa kuwa anajisikia nafuu, bakteria waliobaki huweza kuwa sugu, na ugonjwa ukamrudia kwa nguvu zaidi.

Jaribio

Chukua chupa mbili safi zenye vifuniko. Katika chupa ya kwanza tia maziwa mabichi. Katika chupa ya pili tia maziwa yaliyochemshwa sasa hivi. Zifunike, uziweke mahali pamoja kwa siku mbili. Je, maziwa ya chupa ipi yaliganda kwanza? Eleza kwa nini. Usiyanywe maziwa hayo.

Maswali

1. Koch alizaliwa mwaka gani, na katika nchi gani?
2. Kwa nini Koch alitia damu ya mnyama mzima katika panya wa pili?
3. Eleza kwa nini kimeta kilizuka tena katika malisho yale yale.
4. Agari hutokana na nini? Nani alishauri itumiwe?
5. Kwa nini watu wa Altona hawakuugua sana kama watu wa Hamburg?
6. Taja mambo mawili ambayo Koch alikosea. Tunajifunza nini kutokana na makosa hayo?
7. Taja kazi tatu za bakteria wenye manufaa.
8. Chunguza mahali mnapoteka maji ya kunywa nyumbani. Andika mambo yanayoweza kuyachafua, na njia za kuyazuia.