D.O. Misiani: Mtoto wa Shirati aliyeitikisa Kenya kwa benga

MSAFIRI aliyepita Asumbi, Rongo au Homa Bay katika miaka ya 1970 hakuhitaji kuuliza mwenye sauti iliyokuwa ikitoka kwenye santuri na redio. Ilikuwa ya Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, ambaye mashabiki walimtawaza kuwa Mfalme wa Historia.

Hata hivyo, mfalme huyo hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, eneo la Shirati mkoani Mara, Tanzania, kusini kidogo mwa mpaka. Wazazi wake walikuwa watu wa dini walioliona gitaa kuwa chombo cha kumpotosha kijana. Upinzani huo haukumvunja moyo. Katika miaka ya 1960 alivuka mpaka na kuingia Kenya kutafuta riziki kwa nyuzi.

Alianza na vikosi vidogo, kikiwemo Victoria Boys, kabla ya jina la Shirati Jazz kushika mizizi. Neno jazz lisimpoteze msomaji. Katika Afrika Mashariki na Kongo ya enzi hizo, neno hilo lilibandikwa karibu kila bendi ya dansi, hata iliyokuwa haina piano wala saksafoni. Kwa Misiani, kazi yote ilikuwa ya gitaa.

Ubunifu wake ulitokana na nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane. Pamoja na wanamuziki wenzake wa kizazi kile, alihamishia mdundo wa nyatiti kwenye magitaa ya umeme. Gitaa la solo lilijibizana na mwimbaji, besi ikakimbia mbele badala ya kusubiri nyuma, na ubeti ulipokwisha sauti za watu zikanyamaza ili magitaa yapamba moto. Kwa kuwa santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu, wimbo mmoja uligawanywa katika pande mbili, na wachezaji wakangoja igeuzwe.

Biashara ya santuri hizo iliipeleka benga mbali. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, alizisambaza hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe wapenzi wa muziki waliuita mtindo huo kanindo, kwa jina lake. Mwaka wa 1989 album ya Benga Blast! ilitolewa Uingereza, na Shirati Jazz ikapata masikio mapya Ulaya.

Lakini sifa hizo hazikumkinga Misiani na ghadhabu ya wakubwa. Aliimba mapenzi na kuwasifu wafadhili wake kama wenzake, ila pia alichota visa vya Biblia na historia ya Waluo na kuvigeuza mafumbo kuhusu watawala. Wasikilizaji walifumbua upesi, na wenye mamlaka vilevile. Zaidi ya mara moja alitiwa korokoroni kwa sababu ya nyimbo zake. Kwa mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, hatari ilikuwa maradufu, kwani mbali na kufungwa angeweza kuambiwa arudi kwao.

Hakunyamaza hata mabadiliko yalipokuja. Baada ya muungano wa NARC kuingia madarakani mwishoni mwa 2002, wengi walitarajia aimbe sifa. Badala yake alitoa Bim en Bim, wimbo wa fumbo la nyani uliowachoma viongozi waliokuwa wakizozana, na kuzua gumzo kubwa.

Mei 17, 2006, maisha yake yalikatizwa na ajali ya barabarani iliyohusisha matatu mjini Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Misiani aliacha mtindo ambao vizazi vya wanabenga vimeendelea kuufuata, na fundisho kwamba msanii anaweza kuchezesha watu huku akiwafikirisha. Serikali zilimhesabu kuwa wa upande huu au ule wa mpaka. Mashabiki wake, kutoka Shirati na Migori hadi Asumbi na Kisumu, hawakuwahi kuuona mpaka huo katika nyimbo zake.