Cousteau: Ajali ilimnyima ndege, akahamia chini ya bahari

WAPO wachezaji waliovunjika mguu mapema, wakarudi kama makocha na kutamba kuliko walivyotamba uwanjani. Jacques-Yves Cousteau hakuwa mwanasoka, lakini stori yake inaanzia hapohapo.

Mfaransa huyo alizaliwa Juni 11, 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux, na mwaka 1930 akaingia chuo cha jeshi la majini. Alitaka kuwa rubani. Ajali mbaya ya gari ikamvunja mikono, mambo ya ndege yakaishia hapo. Akawa anaogelea baharini Toulon ili mikono irudi kwenye hali yake, na mwaka 1936 rafiki yake wa jeshini, Philippe Tailliez, akamwazima miwani ya kuzamia. Basi tena, hakutoka majini.

Uzamiaji huu si ule wa kujificha kwenye meli kwenda Ulaya. Ni kushuka chini na mtungi wa hewa mgongoni, na enzi hizo wengi walitegemea bomba la kupulizia hewa kutoka juu. Cousteau alijaribu oksijeni tupu, ikampa degedege chini ya maji. Mara mbili!

Mwaka 1942 akakutana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa na vali ndogo ya magari yanayotumia gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu wakati wa vita. Wakaibadili itoe hewa pale tu mtu anapovuta, tena kwa mgandamizo uleule wa maji yanayomzunguka. Bila hivyo kifua hakifui dafu, maana mita 10 tu chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Jaribio la kwanza kwenye Mto Marne lilibuma: akilala vali inafanya kazi, akisimama hewa inamwagika. Wakarekebisha, na katikati ya mwaka 1943 ikakubali kwenye Bahari ya Mediterania.

Yote hayo yamo kwenye kitabu cha The Silent World, alichokitoa mwaka 1953 pamoja na swahiba wake Frédéric Dumas. Anayeanza kuzamia leo asome kwanza mwongozo wa kozi yake, kwa sababu kitabu hiki hakifundishi kanuni na mengine ndani yake yamepitwa na wakati. Kinachokifanya kiendelee kupendekezwa kwa wanafunzi ni kwamba kina hofu ya kweli.

Chukua tukio la Agosti 1946, kwenye chemchemi ya Vaucluse. Cousteau na Dumas walishuka gizani, vichwa vikaanza kuzunguka, akili zikagoma. Dumas alikaribia kufa. Kilichowarudisha ni kamba, na aliyekuwa ameishika juu ni Maurice Fargues. Baadaye ikajulikana kuwa mashine ya kujazia mitungi ilikuwa inavuta moshi wake yenyewe. Walikuwa wanapumua sumu.

Mwaka mmoja tu baadaye, Septemba 1947, Fargues alishuka kutafuta rekodi ya kina. Aliandika jina lake kwenye kibao cha mita 120, halafu ishara zake kwenye kamba zikakatika. Walipomvuta, mdomo wa kupumulia ulikuwa umemtoka. Hakuamka. Ule ulevi unaoletwa na naitrojeni kwenye kina kirefu ulimmaliza mtu aliyekuwa ameokoa wenzake.

Filamu yenye jina lilelile, aliyoitengeneza na Louis Malle, ilibeba tuzo kubwa ya Cannes mwaka 1956, kisha Oscar. Ukiitazama leo unaweza kukasirika. Chewa mmoja waliyemwita Ulysse anachezewa kama mbwa wa nyumbani, raha tupu, lakini papa wanauawa kwa hasira na miamba inalipuliwa kwa baruti ili wahesabu samaki. Huyohuyo mwaka 1960 alipinga kutupwa kwa taka za nyuklia Mediterania, na miaka yake ya uzeeni aliimalizia kuitetea Antaktika isichimbwe madini.

Haikuwa rahisi huko mbele. Mwaka 1979 mwanaye Philippe alikufa kwa ajali ya ndege ya majini huko Lisbon. Januari 1996 meli yake, Calypso, iligongwa na kuzama Singapore.

Cousteau alifariki Paris Juni 25, 1997, akiwa na miaka 87, akazikwa kulekule Saint-André-de-Cubzac.