Rwagasore: Mwana wa Mfalme Aliyeshika Mizani

Mwana wa mfalme hana haja ya kushika mizani. Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, alikuwa mtoto wa Mwambutsa wa Nne, Mwami wa Burundi. Alisoma Astrida, Rwanda, kisha Antwerp, Ubelgiji. Aliporejea nyumbani, cheo na starehe vilikuwa vikimngoja. Yeye aliiendea biashara.

Wakati ule mkulima wa Burundi, awe wa vilima vya Gitega au wa Muyinga karibu na mpaka wa Tanganyika, alitunza mibuni ambayo wakoloni walianza kuwalazimisha wananchi kuipanda katika miaka ya 1930. Jasho lilikuwa lake, bei ilipangwa na wengine. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni, naye mwenye duka Mwafrika aliambulia makombo.

Mwaka 1957 Rwagasore aliwaunganisha wafanyabiashara Waafrika katika chama cha ushirika. Wengi wao walikuwa Waswahili wa Usumbura, mji ambao leo huitwa Bujumbura. Nia ilikuwa wasimame kwa miguu yao wenyewe. Lakini ushirika uliingia katika shida ya fedha, na serikali ya kikoloni iliutazama kwa jicho la shaka. Kwa hesabu ya dukani, hiyo ilikuwa hasara tupu. Mtu mwingine angefunga daftari na kurudi kwenye neema ya baba yake.

Rwagasore hakurudi. Aliendelea na safari ile ile kwa njia ya siasa, akakiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, na wafanyabiashara wale wakawa miongoni mwa nguzo zake. Mwaka 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi mjini Usumbura, akiwa na umri wa miaka 29. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, yeye akiwa kaburini.

Hakuacha utajiri wa biashara. Hata hivyo, viongozi wa makampuni wanaohesabu faida kila mwaka na bado wakaona moyo haujashiba, wana la kujifunza kwake. Kabla ya kuuliza faida ni kiasi gani, yafaa kuuliza ni ya nani.