Mutesa wa Kwanza na Nyumba ya Kasubi

Ukishika barabara ya Hoima kutoka mjini Kampala utafika kilima cha Kasubi, na juu yake ipo nyumba kubwa ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi. Napenda kuwaeleza habari za aliyeijenga, maana wengi wetu twamjua kwa jina tu.

Kabaka Mutesa alirithi kiti cha baba yake, Suna, mwaka wa 1856. Wakati huo wafanya biashara wa pwani walikwisha fika Buganda na nguo na bunduki, na kwao Mutesa alijifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu. Speke alimwona mwaka wa 1862. Stanley mwaka wa 1875. Wamisionari Waingereza walikuja mwaka wa 1877, Wafaransa mwaka wa 1879. Kila mmoja alidhani amemvuta Kabaka upande wake. Mimi naona yeye ndiye aliyewavuta, kwa kuwa Misri ilikuwa ikiinyemelea nchi yake kutoka kaskazini, naye alihitaji marafiki.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Alifunga Ramadhani miaka kama kumi, kisha vijana Waislamu wa ikulu walipokataa kula nyama yake, wakisema yeye hakutahiriwa, aliamuru wauawe. Husemwa walikuwa wapata sabini.

Ikulu ya Kasubi aliijenga mwaka wa 1882 kwa miti, matete na nyasi. Upana wake ni meta 31, na chini ya paa mna pete 52, kila pete kwa ukoo mmoja wa Waganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Hakuikaa sana, kwani alikuwa mgonjwa, akafariki Oktoba 1884.

Desturi ya kale ilikuwa kumtoa Kabaka mfupa wa taya na kuuhifadhi mbali na kaburi lake. Mutesa alizikwa mzima, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Zamani kila Kabaka alikuwa na mahali pake. Sasa mwanawe Mwanga, aliyefia Seychelles mwaka wa 1903, akaletwa hapo mwaka wa 1910. Akafuata mjukuu, Daudi Chwa, mwaka wa 1939, na kitukuu, Mutesa wa Pili, aliyefia London mwaka wa 1969 akarudishwa mwaka wa 1971.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea kwa moto, watu wakalia barabarani. Ilijengwa tena, na mwaka wa 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Anayeingia huvua viatu mlangoni na kuketi chini. Pazia la nguo ya magome havuki, kwa maana nyuma yake ndiko waliko wanne hao.